Barazani kwa Mwanahija

Mume wangu Mtoro alikuwa na baraza yake, lakini kila siku akishaswali alfajiri alikwenda kukaa barazani kwa jirani yetu Mwanahija. Bwanausi, mume wa Mwanahija, tulikwishamzika na matanga yakaondolewa, na wao bado wamekaa tu! Yeye, mzee Mikidadi na Mwishehe seremala. Nikamwambia, "Mtoro, huoni haya? Mjane hana kitu, nanyi mnammalizia kahawa." Akanijibu, "Kahawa tunapeleka wenyewe." Nikazidi kukasirika, maana ilikuwa yangu.

Hii ilikuwa kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao hapa Bagamoyo. Mwanahija alikuwa edani, hatoki nje wala haonani na wanaume. Nilishinda naye ukumbini, nyuma ya mlango, tukisikia kila neno la barazani. Nyumba ile aliijenga baba yake, akampa yeye, na mtaa mzima wajua. Lakini hakuwa na mtoto wala ndugu wa kiume, na shemeji yake Alawi alikwishaanza kutangaza kuwa nyumba ni ya marehemu kaka yake.

"Akitia vitu vyake humu ndani, Chausiku," Mwanahija aliniambia, "nani atavitoa? Mimi nitakwenda wapi?" Akalia. Nilimwonea huruma.

Asubuhi moja tukasikia vishindo. Nikachungulia: Alawi huyo, na wapagazi nyuma yake wamebeba marobota ya nguo za merikani.

"Sabalkheri," akasema. "Nipisheni niingize mzigo wangu ukumbini."

Hakuna aliyemkatalia. Mzee Mikidadi akasogea, akapigapiga mkeka. "Karibu, bwana. Keti kwanza, unywe kahawa."

Mtu akikaribishwa barazani mbele ya majirani, atapitaje? Alawi akaketi. Akanywa kikombe, akajaziwa kingine. Mtoro alikuwa amenyoosha miguu kukingama mlango, na kumruka mtu aliyekukaribisha kahawa si uungwana. Wapagazi wakachoka kusimama, wakatua mizigo juani.

Mwishowe Alawi akashindwa kuvumilia. "Enyi jamaa, kila siku mwakaa hapa. Mwangoja nini?"

"Twamngoja mwenye nyumba," Mtoro akasema.

"Mwenye nyumba si tumemzika?"

"Tuliyemzika ni mumewe." Mtoro akamjazia kikombe tena. "Mwenye nyumba yumo ndani, atusikia."

Mwanahija akanishika mkono kwa nguvu. Tangu msiba sauti yake ilikuwa haijapita mlango ule.

"Nawasikia, ndugu zangu," akasema.

Alawi akaweka kikombe chini, akawaambia wapagazi wainue mizigo, warudi nayo walikotoka.