Migomba ya Kimo cha Kidole

Niliyakata masale ya mjane wa mdogo wangu ili nitengeneze migomba yenye kimo cha kidole. Nimeanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kulisimulia huanzia mbali, kwenye reli na utumishi wangu, na nikifika hapo penyewe mdomo unakauka.

Kwetu Old Moshi mpaka wa kihamba, shamba la familia, hauwekwi kwa jiwe wala kwa seng'enge. Unapandwa masale, mimea ya majani marefu ya kijani, na mtu akiyagusa ya mpakani amesema jambo zito bila kufungua mdomo. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Ulikuwa mwaka 1994, mwaka wa pili tangu nipunguzwe kazini. Nilikuwa nimetumikia stesheni ya Moshi miaka ishirini na sita, nikaondoka na cheti, saa ya ukutani na mazoea ya kuamka kabla ya jogoo. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na stoo yetu ya kahawa ilikuwa tupu. Nikaingiza humo mlango wa zamani, nikaulaza juu ya mapipa mawili, nikaanza kujenga stesheni.

Reli nilizitoa kwenye mbavu za miavuli mibovu niliyonunua sokoni Kiboriloni. Mataruma ya kulazia reli yalikuwa njiti za kiberiti zilizolowekwa kwenye oili chafu. Mabehewa niliyakata kwenye makopo ya maziwa, kokoto nikazichekecha kwa kipande cha chandarua. Injini ilikuwa na mota ya redio kaseti iliyokufa, ikienda kwa betri mbili kutoka tangi la maji hadi ghala la mizigo. Siku ilipokata kona kwa mara ya kwanza bila kuanguka, nilipiga saluti, peke yangu, mlango umefungwa kwa komeo.

Mke wangu, Martha, nilimwambia natengeneza redio. Ndipo majirani wakaanza kuniletea redio zao. Nne nilizirudisha zikiwa na hali mbaya kuliko zilivyokuja, ya Yoramu haikulia tena kabisa. Nilivumilia hata lawama hizo, ili mradi mtu asijue kwamba mzee mzima mwenye wajukuu anashinda stooni akicheza na gari moshi.

Kilichonishinda ni migomba. Nyuma ya stesheni nilikuwa nimeinua mlima kwa magazeti na uji wa muhogo, na mteremko wake ulikuwa uchi. Nilijaribu karatasi, ikaonekana karatasi. Nilijaribu jani la mgomba wenyewe, likanyauka kabla ya jioni. Jani la isale halinyauki upesi, unalichana kwa wembe vile upendavyo, ila sharti liwe changa. Masale yangu yote yalikuwa ya zamani, magumu. Machanga yalikuwa yale ya mpakani, aliyopanda Aikaeli kwa mkono wake baada ya kumzika mumewe, mdogo wangu Gidioni, hatua chache kutoka kaburini.

Jumamosi moja Aikaeli alipokuwa sokoni, nilikwenda na panga nikakata sita. Sisemi nilisahau maana yake. Nilijiambia yatachipua. Kabla sijamaliza lile la tatu nilikuwa nimeshaona haya, lakini mikono ilikuwa na haraka ya migomba.

Aliporudi alisimama pale mpakani muda mrefu, tenga bado kichwani. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Hosea, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na kufikia Jumatatu mtaa mzima ulijua kwamba Ebenezeri anamnyang'anya mjane kihamba. Waliamini upesi. Miaka ile wanaume waliopoteza kazi mjini walikuwa wakirudi nyumbani na kuanza kuyapima mashamba ya shemeji zao kwa macho. Martha aliniuliza mara moja tu, nikamwambia asiingilie. Tangu hapo aliniwekea chakula mezani na kwenda kula jikoni.

Hosea alinijia uani siku ya Alhamisi. Aliniuliza kwa upole kama kuna jambo ninalodai, au kama nina maelezo. Maelezo yalikuwa nyuma ya mlango wa stoo, hatua kumi kutoka pale tulipokaa. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya familia na yatakwisha.

Hapo ndipo ninapojichukia hasa. Nilikuwa nimeshapima moyoni. Mnyang'anyi wa ardhi huogopwa, huombewa, husalimiwa kwa tahadhari, lakini bado ni mwanamume. Anayekata majani ili auvishe mlima wa magazeti huchekwa mpaka siku ya kuzikwa. Nikachagua kuwa mnyang'anyi.

Wiki ya tatu Martha aliniambia niende nikatazame mpaka. Nilikuta masale mapya yamepandwa, mstari umenyooka, hatua saba ndani ya kihamba cha Aikaeli. Alikuwa amejirudisha nyuma mwenyewe. Aliniachia mibuni yote ya upande ule, aliniachia migomba, aliniachia na kaburi la Gidioni. Nilikaa kwenye udongo kando ya ndugu yangu na nikalia.

Kisha nikakata jani la isale upande wangu wa barabarani nikaenda nalo mpaka mlangoni kwake, kwa kuwa kwetu anayekuja na isale mkononi ni lazima asikilizwe. Nilimwomba anifuate stooni. Alikuja, lakini hakuvuka kizingiti mpaka nilipofungua dirisha.

Nilimweleza yote. Niliwasha na injini, sijui kwa nini, ikatoka kwenye tangi, ikazunguka, ikapita mbele ya mteremko wa kijani. Nilimsubiri acheke. Kicheko nilichokikimbia wiki zote hizo, sasa nilikitamani. Aikaeli alinyoosha mkono akagusa mgomba mmoja, akalitambua jani lake.

"Wiki tatu nalala na panga chini ya kitanda, shemeji," alisema. "Nikakuachia hadi kaburi la mume wangu, ili usije ukaitaka na nyumba. Kumbe ni hii?"

"Ni hii."

Nilimwahidi kwamba siku ileile ningeung'oa mstari mpya na kuurudisha mahali pake kwa mikono yangu. Alisema mpaka utarudi tu, mpaka si neno. Alikuwa anataka kitu kimoja.

"Jumapili useme kanisani ukweli huu huu, wa treni. Wanangu wanaulizwa shuleni kama baba yao mkubwa amewafukuza. Wasikie kwa mdomo wako kwamba hukutaka tuondoke hata siku moja."

Nikamwambia nitasema.

Mpaka niliurudisha siku ileile, Ijumaa. Jumapili, kabla ya matangazo, Hosea aliniita mbele. Sentensi nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeisema njia nzima: nilikata masale kwa ajili ya treni ya kuchezea. Nikainua macho. Yoramu wa redio alikuwa ameinamia mbele asikose neno. Nyuma yake alikaa Godlove, tuliyefanya naye kazi stesheni, mtu anayeweza kukaa na kichekesho kimoja miaka kumi. Watoto wawili wa Aikaeli walikuwa benchi la tatu, wamenikodolea macho. Niliwaona. Siwezi kusema sikuwaona.

"Tamaa iliniingia," nilisema. "Nilitaka ardhi ya ndugu yangu. Naomba msamaha kwa Mungu, kwa usharika na kwa shemeji yangu. Mpaka umerudi mahali pake."

Yalitoka kwa urahisi wa ajabu. Kanisa lilishusha pumzi, mama mmoja akaanzisha pambio. Mchungaji alinishika bega akawaambia watu kwamba wanaume wenye ujasiri wa namna hii wamekuwa wachache. Nikainamisha uso, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Nje, mnada wa ndizi na maziwa ya sadaka ukiendelea, watu walijipanga kunipa mkono. Hosea alinikumbatia. Yoramu alisema ile redio tuisahau. Aikaeli hakujipanga. Alinitazama kutoka upande wa pili wa meza ya mnada, bila hasira, kisha akawachukua wanawe wakaondoka.

Njia yao ilipita pale niliposimama. Violet, yule mkubwa, mwenye miaka kumi, tangu ajue kusema hakuwahi kunipita bila kunipa mkono na kuniamkia. Walipokaribia alihamia upande wa pili wa mama yake, akamshika sketi, na wakapita.