Hodi ya Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota sauti zimepanga foleni barazani kwetu, kila moja imeshika viatu vyake mkononi, zinangoja niseme karibu.

Nieleze kwanza. Hii ni wiki ya sita sisikii. Niliamka asubuhi moja nikamwona jogoo wa jirani juu ya ukuta, amenyoosha shingo, amefungua mdomo, na hakuna kinachotoka. Nikadhani mgonjwa ni jogoo. Daktari aliniandikia kwenye karatasi: "Meza dawa, tusubiri." Tangu hapo natazama midomo ya watu na siiamini. Hasa wa mama mkwe wangu, Bi Siwatu, aliyekuja kutoka Muheza kunisaidia na mwanangu Nasri, mwenye miezi minne. Juzi alichukua daftari langu la masomo ya jioni akaandika: "Jumamosi naondoka na mtoto. Usiku analia, wewe umelala." Ni kweli analia, na ni kweli nalala.

Basi, natoka barazani. Hata ndotoni sisikii. Mtu akisema, maneno yake yanajiandika kwa chaki mlangoni, nami nayasoma polepole, kidole chini ya neno.

Msimamizi wa foleni ni komeo la mlango wetu. Amevaa miwani.

"Mwenye nyumba umeonekana," anasema. "Hawa wote wameshapiga hodi mbili mbili. Sheria unaijua. Hodi tatu, kimya, mgeni anarudi alikotoka."

"Sikuwasikia."

"Wao wanasema unaringa."

Wa kwanza kwenye foleni ni mluzi wa birika. "Nimepiga mpaka maji yamekauka," anasema. "Zamani huyu dada alikuwa ananikimbilia." Nyuma yake ipo sauti ya jirani yetu Mama Chausiku, imejifunga kanga ya mwenyewe. "Nimekuja kuomba chumvi mara mbili," inasema. "Nikajisemea, haya, mwenzetu ameota mapembe."

Nataka kuomba radhi, lakini namwona Bi Siwatu. Ameketi kwenye kigoda pembeni ya foleni, kapu la ukili mapajani. Sauti inayokosa jibu mara ya tatu anaipokea kwa mikono miwili, anaitia kapuni, anaifunika kwa kawa. Anafanya taratibu, kama anayepanga mayai.

"Mama, unafanya nini?"

"Naokota. Kilichoachwa hakiibwi, mwanangu."

Ndipo ninapowaona wale watatu mwishoni. Wote wamevaa nepi, wote wanasema wao ndio kilio cha Nasri.

"Wa kweli ni mmoja," linasema komeo. "Amebakiwa na hodi moja. Ukimkosea, yule pale ana nafasi kapuni."

Bila mtu kunyanyua mguu, tuko darasani kwetu, pale shuleni ninakosoma jioni. Leo mwalimu ni mimi. Wale watatu wamebanana dawati moja. Bi Siwatu amekaa nyuma kabisa, kapu wazi. Chaki sasa inaandika ubaoni. Nawatazama watatu mmoja mmoja na simwamini yeyote.

"Kabla hujalia," nauliza, "unafanya nini?"

"Navuta pumzi," anasema wa kwanza, na shingo yake inadondosha kutu.

"Wewe ni bawaba ya mlango wa choo."

"Nilisikia kuna maziwa," anasema, anatoka.

"Mimi namwita mama kwa mapenzi," anasema wa pili. Ana masharubu sita, matatu kila upande. Ananiona nayahesabu. "Basi mwalimu, usinitangaze," anasema paka wa jirani, naye anatoka.

Wa tatu hana haraka.

"Nakunja mguu wa kulia," anasema. "Halafu nakunja uso, upande mmoja kwanza. Halafu nakutazama, kuona kama umeona."

Wiki zote hizi nimekuwa nikimtazama Nasri, maana kutazama ndiko kulikobaki. Mguu, uso, jicho. Ndivyo hasa.

"Karibu," nasema. "Karibu, karibu, karibu ndani."

Kilio anakwenda mpaka mlangoni, anarudi. "Hapapitiki, mama. Pamejengewa."

Naenda kuangalia. Kweli, mlango wa mbele wa nyumba yetu umezibwa kwa tofali, na saruji bado mbichi. Bi Siwatu ananyanyua kawa.

"Sasa utaingia wapi?" namuuliza Kilio.

"Mimi si mgeni," anasema Kilio. "Anayepiga hodi ni mgeni. Mtoto wa nyumba anapita uani."

Komeo linapekua karatasi zake. "Hilo humu halimo."

"Litakuwamo vipi," anasema Bi Siwatu, shingo upande. "Nani anamwandikia mtoto pa kupita kwao?" Anafunika kapu.

Tuko uani. Kilio anakuja peku, anakanyaga majivu ya jiko, anapanda magotini kwangu, anapanda tumboni, na anaingia hapa, katikati ya kifua, bila kubisha.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nasri alikuwa amefungua mdomo wote, machozi ndiyo kwanza yanaanza, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshamweka titini.

Ndipo Bi Siwatu akatokea, anafunga kanga huku anakuja. Alisimama akatutazama. Akachukua daftari.

"Nani kakuamsha?"

"Mtoto mwenyewe," nikasema. Sijui nilisema kwa sauti gani.

Alinitazama kama anayetazama chenji ya noti kubwa. Kisha akamshika mtoto miguu amfunike, akasita, akanigeuzia viganja vyake. Vilikuwa vimejaa majivu. Nyayo zote mbili za Nasri, ambaye hata kujigeuza bado hajui, zilikuwa nyeupe mpaka kwenye vidole.

Akaenda uani. Alikawia. Aliporudi alikaa kitandani karibu yangu, akaandika polepole, herufi moja moja:

"Mlango wa uani umefungwa kwa ndani."