Kipimo cha Ndama

Mzee aliingia kwenye duka la dawa bila hodi, kofia ya pama kichwani na chupa ya plastiki mkononi, akaibwaga juu ya kaunta.

"Shikamoo, baba," alisema Yusta, muuzaji.

"Marahaba. Mimi ni Nashoni, mfugaji wa Usangu. Nimeleta ng'ombe mnadani. Hebu nisomee hapo, hiyo ni dawa gani?"

Yusta akasoma. Ilikuwa dawa ya minyoo ya ng'ombe. Chini ya picha ya fahali palikuwa na jina: albendazo.

"Na vidonge vyako vya minyoo vinaitwaje?"

Yusta aligeukia rafu, ingawa jibu alilijua. "Albendazo."

"Haya!" Mzee akacheka, akaonyesha alama aliyoikwaruza kwa ukucha ubavuni mwa chupa. "Hiki ni kipimo cha ndama. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, tumbo linamsumbua. Yeye ni mwepesi kuliko ndama, kwa hiyo nampunguzia. Nyumbani siku ya kunywesha ng'ombe dawa hata watoto wanapanga foleni, nao wapewe. Nataka useme tu kwamba nimepatia."

Yusta aliitazama alama ile. Alimaliza chuo Iringa, akaja Mbalizi akiamini kila swali la mgonjwa lina jibu lake. Sasa jina lilikuwa moja, hesabu ya mzee ilikuwa na akili, na bado moyo wake ulikataa.

"Jina ni moja, baba," alisema polepole, kama anayejisikiliza. "Lakini hii imetengenezwa kwa ng'ombe. Nguvu yake ni nyingine, na vilivyochanganywa humo havikupimwa kwa mtu. Wala watoto msiwape tena."

"Basi nipe hivyo vya watu, tumalizane."

"Mgonjwa yuko wapi? Ana mimba?"

"Hana," alijibu Nashoni.

Minza alikuwa barazani, amempa baba mkwe wake mgongo kwa heshima. Alimtupia Yusta jicho. Yusta akamwita nyuma ya pazia, eti ampime uzito.

"Siku zangu zimepita, dada," Minza alinong'ona. "Mimba mbili zimeshaharibika, na zote watu walikuwa wamejua. Hii hata mume wangu sijamwambia. Baba mkwe asijue, nakuomba."

"Hatajua kwangu. Na dawa humezi leo. Mimba ikiwa changa hivi, vidonge hivi si vya kumeza mpaka mhudumu wa kituo aseme."

Yusta alipotoka nyuma ya pazia hakujua aanzie wapi. Angemnyimaje mzee vidonge vya watu bila kumwambia sababu?

"Baba, apimwe kwanza. Aende kituo cha afya."

"Yangu haifai, na yako nayo haifai? Humu unauza nini, binti? Hewa?"

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Nashoni akachukua chupa yake. "Minza! Twende. Nitakupa ileile ya ndama."

Minza akaanza kumfuata. Neno moja tu lingemsimamisha mzee, na Yusta alilihisi limekaa ulimini. Badala yake alichukua kufuli.

"Nawapeleka mwenyewe. Ni hapo juu tu."

"Unafunga?" mmoja wa wale wanawake alishangaa. "Siku ya mnada?"

Yusta alijua. Mama Devotha, mwenye duka, alimwambia tangu mwanzo: siku zote ugua, siku ya mnada hapana.

Nashoni aliwafuata akinung'unika. Kituoni nesi akampokea Minza, wakaingia ndani. Nashoni aliketi kwenye benchi karibu na Yusta, hasira imempungua, wasiwasi umemzidi.

"Mwanangu, mimi ni mzazi. Kule nyuma ya pazia amekwambia nini?"

Simu ya Yusta ikaita kabla hajajibu. Mama Devotha.

"Naambiwa duka limefungwa! Kuna nini?"

Mzee aligeuza sikio lake kabisa, bila aibu.

"Nimemsindikiza mgonjwa, mama."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa minyoo."

"Minyoo! Unanifungia duka siku ya mnada kwa ajili ya minyoo? Una sababu nyingine? Sema nikusikie."

Yusta alifumba macho. "Sina, mama."

"Kesho niletee funguo zangu."

Simu ikakatika. Nashoni bado alikuwa akimtazama, akingoja.

"Ameniambia tumbo linamuuma, baba," alisema Yusta.