Dakika Mbili za Mbuzi wa Mjomba

Mwalimu mkuu wa shule ile hakuacha semina impite. Akisikia kuna semina ya kufundisha kusoma, hata iwe ya kukaa siku tatu kwenye viti vya plastiki juani, yeye yumo, na akirudi anarudi na dawa mpya. Mwaka juzi ilikuwa kadi za rangi. Mwaka jana kupiga makofi kwa kila silabi, hadi majirani wakaja kuuliza nani kashinda nini. Mwaka huu ulikuwa wimbo wa herufi, unaoimbwa asubuhi, mchana na kabla ya kwenda nyumbani. Walimu walimwita Semina, lakini pembeni, maana kila mtu anaipenda kazi yake.

Mwalimu wa darasa la nne walimwita Mdomo, na huyo walimwita usoni kabisa. Kwa maoni yake, dawa zote za Semina zilikuwa na kasoro moja: hakuna aliyewahi kumpima mgonjwa. Watoto sitini na wawili wanasoma kwa pamoja, kwa sauti ya kubomoa paa, mwalimu anatikisa kichwa, basi, wanajua kusoma.

Ndani ya kelele hizo alijificha Kasuku. Alikuwa na miaka kumi na miwili, magoti hayaingii chini ya dawati, na tangu darasa la kwanza hajawahi kufeli mtihani wa kusoma. Kifungu cha mtihani kilikuwa kile kile tangu shule ipakwe rangi, habari za mbuzi wa mjomba aliyekula karatasi za ofisini, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukibadilisha. Kasuku alikuwa nacho kichwani chote, pamoja na vituo vyake. Kwenye mitihani ya kuandika ndiko alikovuna sifuri. Sasa Semina alikuwa ameamua: Ijumaa ya mwisho wa muhula, kila mwenye sifuri atasoma mbele yake peke yake, na atakayeshindwa anarudi darasa la pili.

Mama yake Kasuku, msusi wa pale njia panda, alikuja shuleni kitana bado kimechomekwa kichwani.

“Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Mkimpeleka kwa watoto wa miaka saba, namtoa. Atakaa kwangu saluni afagie nywele. Mnamtia mtoto wa watu aibu gani hiyo?”

“Mtoto wa watu si wako, mama?”

“Ndiyo maana nasema.”

Mdomo alijua hatanii. Wenzake walipotoka mapumziko, akamwita Kasuku mbele, akaandika m ubaoni.

“Hii nini?”

Kasuku akainua macho kwenye bango la herufi ukutani, akaanza kuimba polepole tangu a, macho yakitembea bangoni, hadi alipokutana na umbo linalofanana. “Me!” akasema, anatabasamu. Mdomo akaongeza a mbele yake. Kasuku akarudi mwanzo wa wimbo. Kwa neno “mama” aliimba mara nne, na alipofika mwisho alikuwa amesahau alikoanzia.

Mdomo alicheka kwanza. Kisha akaona aibu, maana mtoto huyo alikuwa amekaa mbele yake miezi minane na yeye alikuwa anatikisa kichwa tu.

Akaling'oa bango. Akaokota vizibo vya soda, akaandika silabi kwa kalamu ya wino mzito, na kila mapumziko wakakaa wawili kwa dakika kumi. Vizibo vinachanganywa, hakuna kuimba. Ma. Ku. Ti. Alichokosa leo kinarudi kesho, alichokijua kinapumzika. Semina akapita dirishani.

“Mbinu hii inaitwaje, mwalimu?”

“Haina jina, Mkuu.”

“Basi haiwezi kuingia kwenye ripoti.”

Wiki ya tano, Kasuku alisoma maandishi yote ya ndoo ya rangi, pamoja na onyo la kutokunywa. Mdomo alifurahi mpaka akampa sambusa yake.

Ijumaa ikafika. Semina alikuwa na fomu mbele yake na simu ya kuhesabia muda: dakika mbili kwa kifungu kizima. Mdomo alikaa pembeni hana wasiwasi. Mambo yakiharibika, mtoto si atakariri tu?

Kasuku akaweka kidole kwenye karatasi. “M-bu-zi... wa... mjo-mba...”

Alikuwa anasoma. Kweli kabisa, neno kwa neno, jasho linamtoka puani. Dakika ya kwanza ikaisha mbuzi hajafika hata ofisini. Kariri, mwanangu, Mdomo aliomba moyoni, kariri kama zamani! Wiki sita amemfundisha kusoma, na sasa anaomba asisome. Alijichukia kwa hilo, na bado aliomba.

Simu ikalia.

“Mwaka jana alimaliza kwa sekunde arobaini,” Semina alisema, huku anaandika. “Umemrudisha nyuma, mwalimu. Wewe na vizibo vyako.”

“Mwaka jana hakuwa anasoma, Mkuu! Alikuwa anakuimbia!”

“Basi aliimba vizuri. Tia sahihi hapa.”

Akasukuma fomu katikati ya meza. Kidole cha Kasuku, ambacho hakuna aliyekiambia kisimame, kikahama kutoka kwenye kifungu kikaingia kwenye fomu, juu ya wino ambao haujakauka.

“M-to-to... hu-yu... ha-fu-ndi-shi-ki.” Akarudia, safari hii ameunganisha. “Mtoto huyu hafundishiki.”

Akawatazama wote wawili.

“Ni mimi?”

Semina akanyoosha mkono aichukue fomu, lakini Kasuku alikuwa ameikandamiza kwa kiganja.

“Subiri, Mwalimu. Sijamaliza.”

Akainama kwenye mstari wa pili. “A-ru-di-shwe... da-ra-sa... la... pi-li.”

Semina alisubiri mpaka kidole kikafika kwenye nukta, hakuitazama simu hata mara moja. Kisha akachukua kalamu, akaikata mistari yote miwili.