Raia Wawili wa Saa Mpya

Sijawahi kuibiwa simu, wala kuku, wala mume, maana mume sikuwa naye. Kitu pekee nilichoibiwa katika miaka yangu arobaini na moja ni saa moja ya mchana, na aliyeniibia ni madam wangu wa Malaz, Riyadh, mwanamke anayesali sala zote tano na kumtolea paka miiba ya samaki kwa mkono wake mwenyewe.

Nieleze kwanza desturi ya nyumba ile. Simu yangu ilikaa kwenye kikapu juu ya friji, pamoja na tableti ya binti yao, Lujain. Nilipewa saa kumi alasiri, nikairudisha saa kumi na moja kamili, kwa sababu saa kumi na moja madam alikunywa kahawa na dada yake aliyeolewa Manchester, Uingereza. Walikunywa kwa video, kila mmoja na kikombe chake. Kule kwa dada ilikuwa saa nane mchana, saa ya mapumziko ya kazini kwake, na bosi wake hakumwongezea hata dakika. Kahawa ikichelewa, madam aliniangalia kana kwamba nimemzika dada yake.

Ile saa yangu moja niliitumia kwa Josphat. Josphat alikuwa mlinzi wa lango kwenye majumba ya kupanga huko Jeddah, na mapumziko yake yalikuwa saa kumi mpaka saa kumi na moja. Mungu alikuwa ametupangia. Tulikuwa tumeonana ana kwa ana mara moja tu, Nairobi, kwenye foleni ya vipimo vya afya kabla ya kusafiri. Nilibanwa, nikamwomba anishikie nafasi niende chooni, na niliporudi nikakuta foleni imefungwa na watu wanasukumana, lakini yeye alikuwa amesimama palepale, kaacha pengo la mtu mmoja mbele yake, anatukanwa na watu thelathini. Tangu siku hiyo nikajua huyu si wa kutupwa.

Shida yake ni upole wa kupita kiasi. "Selipher, hujambo? Na kazi? Na afya? Na joto la huko? Madam je? Lujain anaendelea na shule? Na Basbusa, bado anakula samaki?" Basbusa ndiye paka. Ikifika zamu ya paka, nusu saa imeshakwenda. Nikimhimiza, ananijibu, "Kawia ufike, Selipher." Mwezi wa tatu akaanza kusema, "Kuna jambo nataka kukuuliza kabla ya mwezi wa sita, kabla mkataba wangu haujaisha. Lakini si la kurekodi kwa sauti. Ni la kuuliza mtu akiwa anasikia." Nikamwambia nasikia. Akasema, "Ngoja kwanza, nyumbani wameamkaje?" Na saa ikaisha.

Nilijua ni jambo gani. Mwanamke hujua. Nililitaka hilo swali kuliko nilivyotaka kulala, na kulala nilikutaka sana.

Basi jioni moja ya Jumamosi, mwisho wa mwezi wa tatu, Idi ya Ramadhani imeshapita, nikamwona madam juu ya kiti anashusha saa ya sebuleni. Akaisogeza mbele saa moja. Akaenda ya jikoni, ya chumba cha Lujain, na ya jiko la umeme ambayo hakuna aliyewahi kuiamini. Baba, yaani mumewe, akauliza kulikoni.

"Manchester usiku huu wanasogeza saa mbele. Na sisi tunasogeza."

"Na ufalme mzima?"

"Ufalme utajijua. Sisi tumezoea tofauti ya saa tatu. Wakienda mbele wao tukabaki sisi, zitakuwa mbili, na kahawa itakuwa saa kumi. Nani anakunywa kahawa saa kumi?"

Baba ni mtu mzima, akarudi kwenye gazeti lake. Mwenye nguvu mpishe. Madam akachukua kalenda, akazungushia wino mwekundu tarehe ishirini na tano ya mwezi wa kumi, siku ya kuirudisha ile saa. Tarehe hiyo hata mimi nilikuwa nimeihifadhi kichwani: ndiyo siku mkataba wangu unaisha.

Asubuhi yake, Ephraim, dereva wetu, Mkenya mwenzangu wa Vihiga, alimpeleka Lujain shule kwa saa mpya. Walimkuta mlinzi wa shule yuko na fulana ya ndani, anafagia. Waliketi garini saa nzima wakila biskuti. Madam akatoa tangazo la kwanza: shule itabaki saa ya zamani. Kesho yake baba naye akasema ofisi yake ni ya serikali, na serikali haijasogea. Tangazo la pili. Msikiti wa jirani haukuhitaji tangazo; muadhini alifuata jua kama siku zote. Ephraim akasema gari limetengenezwa Japani na halihusiki. "Dada Selipher, ukipanda gari hili unarudi nyuma saa moja. Ukishuka ukiingia ndani, umezeeka. Jichunge."

Baada ya wiki mbili saa mpya ilikuwa na raia wawili tu waliobaki: mimi na paka. Niliamka kwa saa mpya, yaani kabla ya muadhini, kwa sababu madam alitaka nyumba iwe imefagiliwa "saa kumi na moja alfajiri." Nililala kwa saa ya zamani, kwa sababu baba alikula chakula cha usiku kwa saa ya serikali. Katikati hapo mtu alipoteza usingizi, na hakuwa madam. Basbusa yeye alinufaika: alikula samaki kwa saa mpya, akalia tena kwa saa ya zamani, akapewa.

Lakini usingizi ningesamehe. Kilichoniuma ni kile kikapu. Saa kumi ya madam sasa ilikuwa saa tisa ya Josphat. Mimi nikishika simu, yeye yuko langoni anafungua na kufunga, na simu langoni ni marufuku. Yeye akishika simu, mimi nashika birika, nammiminia madam kahawa huku anacheka na dada yake mpaka machozi. Tuliishi nchi moja, jua moja, na tukapishana kama mchana na usiku. Nilisikiliza salamu zake za jana, nikamjibu, akazisikia kesho. Swali halikuja. Mwezi wa nne ukaisha hivyo, na wa tano ukaanza kuyoyoma.

Nilimwomba madam anibadilishie. "Madam, naomba simu saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja ni kahawa."

"Basi saa kumi ya zamani."

"Hiyo ndiyo saa kumi na moja, Selipher. Halas, yamekwisha." Na kwa kweli hapo hakukosea. Nilienda kufua nikiwa na hasira, nikapasua mto mmoja.

Ndipo likaja jambo. Idi Kubwa familia ingeenda Jeddah kwa mama yake baba, na mimi nimo safarini. Madam akaniahidi siku ya pili ya Idi nitoke na Ephraim niende mtaa wa Sharafiya, saa kumi mpaka saa kumi na moja, nikapumzike kama binadamu. Nusura nimbusu. Nilipopewa simu nikarekodi haraka: "Josphat, siku ya pili ya Idi, Sharafiya, ule mkahawa wa Myemeni uliosema una chai ya maziwa. Saa kumi ya nyumba, kwa hiyo saa yako ni tisa. Tisa! Usiniletee mambo ya kawia ufike." Siku moja kabla ya safari nikasikia jibu lake: amebadilishana mapumziko na mwenzake Lewis, amepata saa tisa mpaka kumi. "Nimeandika mkononi," akasema.

Tukaondoka alfajiri. Barabara ya Riyadh kwenda Jeddah ni jangwa na vituo vya mafuta, na nililala kama gunia. Nilipoamka tulikuwa tunaingia mjini na madam anaisogeza saa yake ya mkononi.

"Huku kwa mama tunatumia saa ya watu," akasema bila kunitazama. "Lujain, bibi yako akiuliza, hatujui habari ya Manchester."

Kumbe mwanamke aliyepuuza ufalme mzima alikuwa anamwogopa mkwewe! Siku nyingine ningecheka. Lakini hesabu iliniingia palepale: saa kumi imekuwa saa kumi tena. Mimi nitatoka saa kumi, na Josphat saa hiyo anarudi langoni. Simu yangu iko kikapuni, kikapu kiko kwenye buti chini ya masanduku, na namba yake kichwani sijui zaidi ya tarakimu tatu za mwanzo. Siku ya kwanza wageni walijaa, simu sikupewa. Siku ya pili nikamfuata madam jikoni.

"Madam, naomba nitoke saa tisa."

"Nilisema saa kumi. Saa kumi ni saa kumi."

Miezi miwili alikuwa amenithibitishia kwamba sivyo. Nilikuwa na maneno mengi sana, na mkwewe alikuwa hatua nne kutoka hapo. Nikayameza, kwa sababu wakigombana wao wawili, atakayenyimwa kutoka ni mimi.

Saa kumi na dakika tano Ephraim alinishusha mbele ya mkahawa. "Labda amengoja," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kufariji wafiwa. Ndani kulikuwa na Wasudani wawili na feni. Nikamuuliza mwenye mkahawa kama ameona Mkenya mwenye sare ya ulinzi. "Mafi, hakuna," akasema. Tangu adhuhuri hakuja mtu wa namna hiyo.

Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli. Kuondoka baada ya kungoja ningemwelewa. Lakini hata kuja hakuja! Nikaketi, nikaagiza chai, nikaanza kulia kabla haijaletwa, mimi ambaye sikulia hata siku ya kuagana uwanja wa ndege.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Josphat alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kofia, shati limetoka kwenye suruali, anahema. Mkononi, chini ya kidole gumba, wino wa "9" ulikuwa umechuruzika.

"Selipher, nisamehe. Lewis alichelewa kunipokea. Halafu nikapanda basi silo. Halafu mzee mmoja wa Machakos akanisalimia, nikaona si vizuri... Umengoja saa nzima na dakika kumi. Najua. Sema lolote."

Nilimwacha ajute kidogo, labda nusu dakika. Alikuwa anastahili. Kisha nikamwambia kwamba mimi nimefika sasa hivi, na ningelikuja saa tisa kama tulivyoagana, tusingeonana kamwe.

Akakaa. Akavua kofia. Akasema Lewis amempa mpaka saa kumi na nusu, si zaidi. Kisha akavuta pumzi. "Basi habari ya safari? Madam hajambo? Na Lujain? Na Basbusa mmemwachia—"

"Josphat! Paka ni mzima. Uliza."

Akatazama chai yangu.

"Mkataba wako unaisha lini? Kafili aliyeniajiri anataka jibu mwezi ujao, kama naongeza au narudi nyumbani. Nimemwambia kuna mtu nataka kumuuliza kwanza. Nikiongeza, naongeza mpaka siku yako. Tupande ndege moja, tushuke pamoja, niende kwenu Siaya kama inavyotakiwa."

Nilitaka kusema jambo zuri. Nje Ephraim alikuwa ameanza kupiga honi.

"Tarehe ishirini na tano, mwezi wa kumi," nikasema.

Akatoa kalamu, akafuta ile tisa kwa mate, akaandika tarehe pale pale kwenye mkono. Kisha akainua uso, ana wasiwasi.

"Saa ngapi? Kwa sababu saa zenu hizo..."

"Wewe njoo tu," nikamwambia. "Ukichelewa, nitakuwa nimekushikia nafasi kwenye foleni."