Balbu ya Vyumba Viwili

Kule Lindi, ukuta kati ya Osewe na fundi wa nguo Nasipwondi haukufika paani. Balbu moja juu yake iliwamulikia wote. Binti wa Osewe, Hope, mwenye usonji, hakupata usingizi ikiwaka.

"Zima saa mbili, we mama," Osewe alisema.

"Nishone gizani kwa sababu ya wazimu wa mtoto wako?"

"Mwenye wazimu ni huo mdomo wako."

Jioni hiyo Osewe aliziba uwazi kwa katoni, chumba chake kikawa giza. Akamfunika Hope blanketi zito. Mtoto akalala.

"Umejinyima taa, mjinga wewe!" Nasipwondi akacheka.

Osewe, asiyewahi kumeza tusi, alipapasa ugali wake akala kimya, asije akamwamsha Hope.