Mishono ya Wifi

Agatha Kehler aliokoka akiwa na miaka kumi na sita, ila ulimi wake ulichelewa kupata habari. Akina mama wa kanisa lao la Kimennonite, huko mashambani Manitoba, Kanada, waliuzoea ulimi huo kama walivyoizoea baridi ya Januari. Halafu Oktoba iliyopita, baada ya juma la maombi, Agatha akanyamaza. Ukimletea keki iliyoungua hakusemi, anafumba macho, anavuta pumzi, anasema, "Bwana asifiwe." Jamani, afadhali angekutukana.

Basi mke wa mchungaji akamwomba asimame Jumapili moja mbele ya kanisa zima aeleze jinsi Mungu alivyoubadilisha moyo wake. Agatha akasema hastahili. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, maana akina mama wa meza ya pili hawakusikia. Kisha akaenda nyumbani kupiga gauni pasi.

Kila Alhamisi akina mama hao hukutana kwenye chumba cha chini ya kanisa kushona blanketi la viraka, liuzwe mnadani kusaidia wenye njaa. Mmoja wao ni Nettie Toews, wifi yake Agatha, dada wa mumewe. Nettie alipatwa na kiharusi wakati wa Krismasi, na tangu hapo mishono yake ilikwenda kama kuku aliyelewa. Agatha akiiona, macho anafumba, Bwana anasifiwa. Wenzake wakishaondoka, yeye anabaki nyuma na kimkasi chake, anafumua kazi yote ya Nettie na kuishona upya, imenyooka. Tena anafanya huku anaimba.

Alhamisi ile kabla ya Jumapili yake, Nettie alirudi kuchukua miwani aliyoisahau. Akasimama mlangoni.

"Wifi, unafanya nini?"

"Narekebisha kidogo tu."

"Tangu lini?"

Agatha alijaribu kukohoa, kikohozi kikagoma. "Tangu Februari."

Nettie akavuta kiti akaketi. "Naondoka hapa najua nimeharibu. Nikirudi wiki ya pili, naona kumbe siyo vibaya. Nikasema mkono unapona. Nimemwambia daktari, Agatha. Nimesimama kanisani nikamshukuru Mungu."

Agatha akafumba macho. "Bwana..."

"Usithubutu," Nettie akasema, akachukua miwani yake akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Agatha alioka mikate ya vichwa viwili, donge dogo juu ya kubwa, ile ya siagi, akaipeleka kwa wifi yake ikiwa moto. Alikuwa na hofu ya kweli. Nettie akikataa kumsamehe, Jumapili atasimama na uso gani?

"Nisamehe, wifi, kama nimekukwaza."

"Kama?"

"Nilitaka blanketi lipate bei. Wale wenye njaa..."

"Wenye njaa ndio waliokutuma?"

"Nilifanya kwa upendo, Nettie."

Nettie akaitazama mikate, akamtazama mwenye mikate. "Umekuja kwangu, au umekuja kuchukua ruhusa ya kusimama Jumapili?"

Jibu lilikuwa tayari, kali, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Agatha akalimeza. Akatafuta lile jibu lake la upole, halikuwepo. Kilichobaki kilikuwa aibu, na aibu haina maneno mazuri.

"Nilikuwa napenda," akasema. "Nilipenda mishono yako iwe mibaya. Mama yako alikuwa akiwaonyesha wageni kazi yako, yangu anaikunja anaiweka chini kabisa. Miaka yote hiyo. Ulipougua nilikuombea, nilikuombea kweli. Lakini siku ile nilipouona mshono wako wa kwanza, nilifurahi. Nikaenda nyumbani nikala nikashiba."

Akalia, tena vibaya, kamasi na kila kitu. Nettie akainama, mabega yakawa yanatikisika. Agatha akajua amemliza mgonjwa.

"Ulikula nini?" Nettie akauliza.

"Soseji."

Nettie alicheka mpaka akaishika meza. "Tangu Oktoba unaniletea hiyo Bwana asifiwe yako, nikadhani wifi yangu amekufa kimya kimya wakatuletea mwingine. Kaa chini, mtu mbaya wewe. Sogeza siagi."

Agatha akakaa. Nettie alishika kisu kwa mkono wake wa kulia, ule mgonjwa, akapaka. Nusu ya siagi ikaenda kwenye mkate, nusu mezani. Agatha alitazama mpaka mwisho, akashangaa kwamba mkono wake mwenyewe umetulia mapajani, wala hautamani kumpokonya kisu.

"Na Jumapili utawaambia nini?" Nettie akauliza.

"Sina la kuwaambia. Nampigia mke wa mchungaji leo, atafute mtu aliyebadilika."

"Usimpigie," Nettie akasema, huku anamsukumia mkate. "Mimi Jumapili nilikuwa nimepanga kuumwa kichwa. Sasa nitakuja."